Kalibu ya Bawa: Kazi Kubwa ya Ndege ya Kujiundia Hufanyika Kabla ya Bawa Lenyewe

Mwaka 1975, kwenye uwanja wa ndege wa Mojave katika jangwa la California, mbunifu wa ndege Burt Rutan alirusha ndege ndogo aliyoiita VariEze. Mabawa yake hayakutoka kwenye kalibu yoyote. Bonge la povu gumu la polistaireni lilibandikwa kigezo kila upande. Watu wawili wakashika waya wa moto huku na huku, wakaupitisha polepole kufuata vile vigezo, wakitajiana namba zilizoandikwa pembeni ili waende sawa. Kilichobaki kilikuwa umbo la bawa. Juu yake vikalazwa vitambaa vya faibaglasi vilivyoloweshwa epoksi, resini ya majimaji inayogumu, na povu halikutolewa tena, likawa sehemu ya bawa. Ndege yake nyingine, Long-EZ, iliyoruka mwaka 1979 ilifuata njia hiyo hiyo, na watu wengi ambao hawakuwahi kufanya kazi ya ndege wakajiundia yao gerejini.

Kama bawa zuri linaweza kupatikana bila kalibu, kwa nini mtu ajitwike mzigo wa kutengeneza kalibu? Jibu liko kwenye uso wa nje.

Katika njia ya Rutan bawa hujengwa kutoka ndani kwenda nje. Kitambaa kikishakauka juu ya povu, uso wake huwa na vinyweleo, mishono na mabonde. Inabidi upake puti ya epoksi iliyochanganywa na unga wa vipovu vya kioo, upige msasa, upake tena, upige tena. Hesabu yake haihitaji mhandisi. Bawa la Long-EZ lina eneo la karibu mita za mraba 7.6, na ukihesabu mgongo na tumbo unapata kama mita za mraba 15. Puti ya unene wa milimita 1 juu ya eneo hilo ni lita 15. Ingawa mchanganyiko huo ni mwepesi, nusu ya uzito wa maji au zaidi kidogo, bado umeongeza kama kilo 8 kwenye ndege ambayo ikiwa tupu haifiki kilo 330. Kilo hizo hazibebi mzigo wowote. Zinaziba mabonde tu.

Kalibu hugeuza mpangilio huo. Uso wa nje ndio unaozaliwa kwanza, ukiwa umelala juu ya uso laini wa kalibu, halafu vitambaa, povu na vitambaa vingine hufuata kwenda ndani. Bawa likitoka lina uso wake tayari. Lakini ile kazi ya puti na msasa haikuyeyuka. Imehamia kwenye kitu kingine ambacho hakitaruka kamwe, yaani umbo mama, lile umbo la mwanzo ambalo kalibu hunakiliwa kutoka kwake. Anayeielewa hamahama hiyo ya kazi ameelewa sehemu kubwa ya somo hili. Anayedhani kalibu ni njia ya mkato ataishia kuwa na kalibu mbaya na mabawa mabaya mawili.

Wajerumani walianza mapema. Wanafunzi wa kundi la Akaflieg Stuttgart walirusha fs 24 Phönix mwaka 1957, ndege isiyo na injini iliyoundwa kwa faibaglasi na mbao nyepesi za balsa, na tangu hapo watengenezaji wa ndege za aina hiyo wameegemea faibaglasi, baadaye kaboni. Marekani, katika miaka ya 1980, Glasair na Lancair zilileta vipande vilivyokwisha kutolewa kwenye kalibu kiwandani, mnunuzi akabaki na kuunganisha. Viwanda hivyo vilikuwa na sababu ya wazi: gharama ya kalibu moja inagawanywa kwa mamia ya ndege. Mtu anayejiundia ndege moja hana mgawanyo huo, kwa hiyo lazima ajiulize ni kipande kipi hasa kinastahili kalibu.

Ni kipande kipi, basi?

Hewa inayopita juu ya bawa inaweza kuteleza kwa tabaka tulivu au ikavurugika. Ikitulia kwa sehemu kubwa ya upana wa bawa, ukinzani hupungua sana. Ila utulivu huo ni dhaifu. Watu wa ndege zisizo na injini hupima mawimbi ya uso kwa geji yenye miguu iliyoachana kama sentimita 5, na hutaka tofauti isizidi takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Jicho peke yake halioni wimbi dogo hivyo.

Long-EZ na VariEze zenyewe zilitoa funzo. Bawa lao dogo la mbele lilitumia umbo lililotegemea hewa itulie. Mvua iliponyesha juu yake, au wadudu walipogandamana ukingoni, kuelea kulipungua na pua ikataka kushuka, rubani akalazimika kuvuta fimbo kuirudisha. John Roncz, mbunifu wa maumbo ya mabawa, alichora umbo jipya lisilosumbuliwa na maji, R1145MS, na wengi wakabadilisha. Kwa upande mwingine kuna AR-5 ya Mike Arnold, ndege ya kiti kimoja yenye injini ya nguvu farasi 65, ambayo mwaka 1992 iliweka rekodi ya dunia ya kasi kwa ndege za chini ya kilo 300, karibu kilomita 343 kwa saa. Injini kama ile ipo kwenye ndege nyingi ndogo zinazokwenda nusu ya kasi hiyo. Tofauti ilitoka kwenye umbo na usafi wa uso.

Kwa maoni yangu, mtu anayeunda ndege moja asianze na kalibu ya bawa zima. Aanze na vipande vyenye mpindo wa pande mbili, ambavyo waya wa moto hauwezi kuvikata kwa sababu waya husafiri kwa mstari ulionyooka: ncha za mabawa, kifuniko cha maungio kati ya bawa na kiwiliwili, vifuniko vya magurudumu. Bawa zima linastahili kalibu pale watu watatu au wanne wanapojiunga kuunda ndege za aina moja, au pale mtu anapotaka uso ambao puti haiwezi kumpa kwa uzito anaoukubali.

Kuna jambo moja la kijiometri ambalo wengi hulisahau wakati wa kupanga bajeti. Bawa lenye kupungua upana kuelekea nchani linahitaji kalibu nne: mgongo wa kushoto, tumbo la kushoto, mgongo wa kulia, tumbo la kulia. Huwezi kugeuza kalibu ya kushoto ikazaa bawa la kulia. Lakini bawa lenye upana ule ule kutoka shinani hadi nchani, lisilo na msokoto wala kuelemea nyuma, hutumia kalibu mbili tu, maana mgongo wa kushoto na wa kulia ni umbo moja. Mabawa ya mstatili hubezwa kwa sura, lakini hapo yamekupunguzia nusu ya kazi. Fikiria hilo ukiwa bado kwenye karatasi.

Umbo mama

Hapa ndipo muda unapokwenda, na hapa ndipo unapostahili kwenda.

Kwanza meza. Si meza ya kawaida ya karakana bali meza iliyosawazishwa kwa pima maji au leza kwa urefu wake wote, imara kiasi kwamba haitatikisika ukiegemea. Msokoto wowote wa meza utaingia kwenye umbo mama, utapita kwenye kalibu, na utaishia kwenye bawa. Tofauti ya nyuzi 1 kati ya bawa la kushoto na la kulia inatosha kuifanya ndege itake kulalia upande mmoja muda wote wa safari.

Juu ya meza husimamishwa mbavu za MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizokandamizwa) au plaiwudi, zilizokatwa kwa umbo sahihi ukitoa unene wa ngozi itakayofuata. Kati ya mbavu hujazwa povu. Povu hilo hukatwa kwa waya wa moto au kwa msumeno, kisha hupigwa msasa kwa ubao mrefu unaogusa mbavu mbili kwa pamoja, hadi mbavu zenyewe zianze kuonekana. Tahadhari moja haina mjadala: waya wa moto ni kwa polistaireni tu. Povu la poliyurethani likichomwa hutoa gesi zenye sianidi. Hilo hukatwa kwa kisu na msumeno.

Juu ya povu hulazwa tabaka moja au mawili ya faibaglasi na epoksi ili kupata ganda gumu. Ukitumia resini ya poliesta moja kwa moja juu ya polistaireni utapoteza kila kitu, kwa sababu staireni iliyomo kwenye poliesta huyeyusha povu hilo papo hapo. Epoksi hailiyeyushi.

Kisha puti na msasa. Ubao wa msasa uwe mrefu, sentimita 60 au zaidi, usiopinda kuelekea urefu wa bawa. Msasa mfupi hufuata mabonde badala ya kuyaondoa. Piga kwa mshazari, huku na huku, usiende upande mmoja tu. Kabla ya kila awamu nyunyiza rangi nyeusi nyembamba. Ukipiga msasa, weusi unaobaki unakuonyesha bonde lilipo. Uso ukishaanza kung'aa, washa taa ya mrija upande wa pili wa karakana, uinamishe kichwa na kutazama taswira yake juu ya bawa. Mstari wa taa ukipinda hapo pana wimbi. Njia hii haina gharama, na huona mambo ambayo kiganja cha mkono hakiyasikii.

Msasa hupanda kutoka namba 80 hadi 240, halafu praima ya tabaka nene, halafu 400, 800 na 1200. Kosa la kawaida hapa ni haraka. Rangi na praima ambazo hazijakauka hadi ndani huendelea kutoa kimiminika kwa siku kadhaa, na jelkoti ya kalibu, yaani tabaka la resini linalozaa uso wa kalibu, ikipakwa juu yake inaweza kuikunja au kung'ang'ania. Acha umbo mama likae mahali pa joto, kwa siku nyingi kuliko ulivyofikiri. Ukiweza kuchoma ukucha kwenye rangi, bado.

Siku hizi kuna njia nyingine: mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta huchonga umbo mama kutoka kwenye MDF au mbao maalumu za poliyurethani, au huchonga kalibu yenyewe na kuliruka umbo mama kabisa. Kwa vipande vichache hiyo ni njia nzuri. Ila MDF hunywa unyevu na kuvimba, kwa hiyo lazima izibwe kwa epoksi pande zote, pamoja na mgongo wake usioonekana. Wengi husahau huo mgongo.

Kuitoa kalibu

Bawa hukatwa katika nusu mbili, mgongo na tumbo, na mstari wa kukutana hupita kwenye ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma. Mstari huo hauwekwi popote upendapo. Lazima upite pale ambapo umbo ni pana kuliko kote likitazamwa kutoka juu, la sivyo kipande kitakuwa kimejifungia ndani ya kalibu na hakitatoka bila kuvunjika. Kalibu ya tofali hupanuka kidogo kuelekea mdomoni kwa sababu hiyo hiyo.

Kwenye mstari huo hujengwa ubao wa kuzunguka umbo mama, umegusana nalo kila mahali, na nafasi ndogo zilizobaki huzibwa kwa udongo laini wa kuchezea wa plastiki na kukwanguliwa sawasawa. Ubao huo utazaa mdomo wa kalibu, ukanda wa upana wa sentimita 10 hivi ambao baadaye utashikilia mfuko wa ombwe (mfuko wa plastiki unaonyonywa hewa) na kubana nusu mbili pamoja. Mafundi wanaoutengeneza mwembamba ili kuokoa faibaglasi hujuta siku ya kufunga mfuko. Kwenye mdomo huo huo huwekwa alama za kukutanishia, vishimo na vinundu, ili nusu ya pili ikae pale pale kila mara.

Sasa kuachilia, yaani kuzuia kalibu isishikamane na umbo mama. Nta ya kanauba hupakwa, huachwa ikauke, husuguliwa, na hurudiwa mara tano, sita au zaidi kwenye uso mpya, kwa kupumzisha kati ya mkono na mkono. Juu yake wengi hunyunyiza utando wa PVA, plastiki inayoyeyuka kwenye maji. Kwa kalibu ya kwanza ya mtu yeyote ningesema usiuache, hata kama unapunguza mng'ao kidogo. Kitu cha kukimbia ni dawa zenye silikoni. Hubaki usoni, hupenya kila kona ya karakana, na baadaye rangi na gundi hukataa kushika.

Jelkoti ya kalibu si jelkoti ya kawaida ya boti. Ni ngumu zaidi, huvumilia joto, na kwa kawaida huja kwa rangi kali, nyeusi au ya chungwa, ili kasoro zionekane. Hupakwa unene wa kama nusu milimita au zaidi kidogo. Ikishika kiasi cha kutoambaa kidoleni, hufuata kitambaa chepesi kabisa, halafu vizito. Kitambaa kizito kikitangulia, nyuzi zake hujichora usoni, na mchoro huo utauona kwenye kila kipande. Kona kali ni adui, maana faibaglasi haipendi kupinda kwa ghafla, huruka kona na kuacha hewa nyuma ya jelkoti, na siku moja jelkoti hiyo itabanduka kama ganda. Jaza kona kwa puti yenye nyuzi za pamba kabla ya kulaza kitambaa.

Tabaka zijengwe kwa awamu, si siku moja. Resini ikigeuka kuwa ngumu hutoa joto, na tabaka nene lenye joto jingi hujikunja. Hapa uchaguzi wa resini ni muhimu. Poliesta ni ya bei nafuu na ndiyo inayojulikana zaidi kwa waunda boti za faibaglasi, Mombasa na Dar es Salaam kama kwingineko, lakini ujazo wake hupungua kwa asilimia 5 hadi 8 ikigumu. Epoksi hupungua kidogo sana kuliko hapo. Kwa boti tofauti hiyo hupita bila mtu kugundua. Kwa bawa lililopimwa kwa sehemu ya kumi ya milimita haipiti. Kalibu ya bawa ningeifanya kwa epoksi, au vinilesta, resini nyingine, fedha zisiporuhusu. Na kwa anayetumia poliesta: kichocheo chake cha peroksaidi kisigusane kamwe moja kwa moja na kiharakishi cha kobalti, maana mchanganyiko huo unaweza kulipuka. Kila kimoja huchanganywa na resini kivyake. Miwani ya macho ni lazima, kwa sababu tone moja la peroksaidi linaweza kupofusha. Epoksi nayo ina hatari yake tofauti. Ngozi ikiizoea vibaya mzio wake haurudi nyuma, na fundi hulazimika kuacha kazi hiyo maisha yake yote. Glovu si hiari.

Kalibu ikishakuwa ngumu, na ikiwa bado imelala juu ya umbo mama, hujengewa kiunzi mgongoni, mbao za plaiwudi zilizopangwa kwa miraba, zikashikwa kwa vipande vya faibaglasi. Ukiitoa kalibu kabla ya kuiwekea kiunzi, itajinyoosha kidogo na hutajua imejinyoosha wapi. Mbao zisikae moja kwa moja juu ya kalibu pia. Acha nafasi ndogo iliyojazwa povu, la sivyo kila mstari wa ubao utaonekana upande wa pili.

Kutoa hufanywa kwa kabari za mbao au plastiki mdomoni, kidogo kidogo pande zote, hewa ya kompresa, na maji ya uvuguvugu yanayoyeyusha PVA. Bisibisi ikae sandukuni.

Joto na upanuzi

Epoksi iliyogumu kwa joto la kawaida hulainika mapema, nyingine karibu nyuzi 55 au 60 za Selsiasi. Bawa lenye rangi nyeusi likiachwa juani linaweza kupita nyuzi 80. Hiyo ndiyo sababu ndege za faibaglasi hupakwa nyeupe, na ndiyo sababu vipande hupashwa tena joto baada ya kugumu ili kiwango cha kulainika kiongezeke. Upashaji huo ufanyike kipande kikiwa bado ndani ya kalibu, kwa hiyo kalibu nayo lazima ivumilie.

Halafu kuna upanuzi. Kalibu ya alumini yenye urefu wa mita 4, ikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 65, hurefuka karibu milimita 3.7. Chuma hurefuka kama milimita 1.9, na faibaglasi haiko mbali na chuma. Kaboni hurefuka sehemu ndogo tu ya milimita. Maana yake, ngozi ya kaboni ikigumu kwa moto ndani ya kalibu ya alumini, itashika urefu wa kalibu iliyopanuka. Kalibu ikipoa hurudi, ngozi hairudi. Ngozi hutoka ndefu kuliko mchoro, au hujibana ndani na kupasuka. Kwa karakana ya nyumbani faibaglasi ndani ya kalibu ya faibaglasi huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo.

Kulaza kipande na kufunga mfuko

Ngozi ya bawa kwa kawaida ni vitambaa viwili vyembamba vilivyoshika povu jepesi katikati. Nyuzi za ngozi hulazwa kwa pembe ya digrii 45 kuelekea urefu wa bawa, kwa sababu kazi ya ngozi ni kuzuia bawa lisijisokote. Kazi ya kuzuia lisivunjike ni ya boriti kuu, ambayo nyuzi zake hukimbia moja kwa moja kutoka shinani hadi nchani. Fundi akichanganya kazi hizo mbili, ataongeza tabaka mahali pasipohitaji na kuacha pengo panapohitaji.

Juu ya vitambaa hulazwa kitambaa cha nailoni cha kubandua, plastiki yenye matundu, kitambaa cha kunyonya resini iliyozidi, na mwisho mfuko uliozibwa kwenye mdomo wa kalibu. Pampu ikitoa asilimia 80 ya hewa, hewa ya nje hukandamiza kwa takriban tani 8 kwa kila mita ya mraba, ukiwa usawa wa bahari. Nairobi, kwenye kimo cha karibu mita 1,700, hewa yenyewe ni nyepesi na pampu ile ile hukandamiza kwa chini ya tani 7. Bado inatosha, ila kanuni ulizosoma kutoka kwa mtu wa pwani usizinakili bila kuzipima.

Watu huogopa kwamba tani hizo zitaivunja kalibu. Haziivunji, kwa sababu hewa inasukuma mgongo wa kalibu kwa nguvu ile ile inayosukuma mfuko. Lakini ukiiingiza kalibu nzima ndani ya mfuko, na kalibu ina uwazi ndani yake, utaisikia ikikunjika. Kitakachokuangusha zaidi ni kitundu kidogo kwenye kalibu, kinachopitisha hewa kuingia kwenye bawa. Fanya jaribio kavu: funga mfuko bila resini, zima pampu, tazama geji kwa nusu saa. Kama sindano inarudi, tafuta tundu kabla ya kuchanganya chochote.

Unyevu wa pwani nao unahitaji heshima. Vigumishi vingi vya epoksi huvuta maji na gesi ya kaboni dioksidi iliyomo hewani na kuacha utando wa mafuta usoni. Uoshe kwa maji na sifongo kabla ya tabaka lingine, la sivyo vitambaa viwili vitalala pamoja bila kushikana. Na joto likipanda kwa nyuzi 10, muda wa kufanyia kazi resini hukatika karibu nusu. Changanya kidogo kidogo, mimina kwenye sahani pana badala ya kopo refu. Kopo lililojaa likiachwa litaanza kufuka moshi.

Kufunga bawa

Nusu mbili huunganishwa zikiwa bado ndani ya kalibu zake. Hapa kalibu inafanya kazi yake ya pili, kushikilia msokoto na unyoofu wakati gundi inagumu. Kabla ya gundi yenyewe, weka donge la udongo laini kila sentimita 20 juu ya boriti na kingo, funga kalibu, ibane, fungua. Unene wa donge lililobanwa ndio unene wa gundi utakaohitajika pale. Palipo na milimita 5 panahitaji kusahihishwa kwa tabaka la ziada, si kwa gundi nene. Kiungo hiki hufungwa bila kuonekana, na hakuna atakayekifungua tena kukikagua isipokuwa kwa kukigonga kwa sarafu na kusikiliza: mlio mkali ni kiungo kizuri, mlio mzito ni hewa.

Bawa likitoka, lipime kwa kilo na upime msokoto wake kwa pima maji ya dijitali katika vituo vitatu. Linganisha na la upande wa pili.

Mng'ao wa kalibu hausemi lolote kuhusu nguvu. Bawa linaloundwa kwa kiwango cha kawaida cha 3.8 g, yaani mara 3.8 ya uzito wa ndege, na ziada ya mara moja na nusu, linapaswa kubeba hadi 5.7 g. Kwa ndege ya kilo 600 hiyo ni karibu tani 3.4 ukihesabu mabawa yote mawili. Hupimwa kwa kuligeuza bawa juu chini na kulipanga mifuko ya mchanga, mingi zaidi karibu na shina, kama hewa inavyosambaza kuelea. Anayeunda bila kalibu ana mabawa mawili tu, kwa hiyo hupakia hadi 3.8 na kusimama, akihofia kuumiza yale atakayorukia. Mwenye kalibu ana nafasi nyingine. Bawa la kwanza kutoka kwenye kalibu, ambalo karibu kila mara lina kasoro za mwanzo, linaweza kupelekwa chini ya mchanga hadi livunjike, mtu akaona lilipoanzia kupasuka, akaongeza tabaka mahali hapo, na la pili likawa ndilo la kurukia.